Mtu Aliyelala Miaka Ishirini

Mwaka jana wanafunzi wangu wa sekondari hapa Baraka waliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu siku ile ile. Tulikuwa tukisoma habari za waandishi wa Ufaransa wa karne ya 19, akina Chateaubriand na Lamartine, watu waliopenda kuandika juu ya ziwa, mwezi, majani yanayopukutika na moyo wenye majonzi. Msichana mmoja, ambaye huuliza bila kuogopa, akasimama, akasema: "Mwalimu, watu hawa walikuwa na chakula nyumbani, wala hakuna aliyewafukuza, nao wanalia kutwa kucha. Wanalilia nini?" Darasa zima likaangua kicheko. Mimi pia nikacheka, kisha nikasema, kama walimu tusemavyo tunapokosa la kusema, kwamba jambo hilo tutalitazama kesho.

Mtindo ule wa kuandika huitwa uromantiki. Neno lenyewe ni gumu, lakini jambo si gumu. Waandishi waliotangulia walisifu akili, utaratibu na kipimo katika kila neno. Hawa wakaja kusema kwamba moyo nao una haki ya kunena, pamoja na hofu zake, ndoto zake, kumbukumbu za utoto, hadithi za wazee na uzuri wa misitu isiyoguswa na shoka. Mkondo huo ulianza Ulaya mwishoni mwa karne ya 18, ukavuka bahari mpaka Marekani, taifa lililokuwa changa bado na lililokuwa likitafuta hadithi za kuziita zake. Chateaubriand mwenyewe alifika Amerika mwaka 1791, na hadithi yake iitwayo Atala, iliyotoka mwaka 1801, ni ya huko. Na kwa haki, yule msichana alikosea kidogo: mtu huyo aliijua maana ya kufukuzwa, kwa sababu mapinduzi ya Ufaransa yalimfanya akae Uingereza kama mkimbizi kwa muda wa miaka saba hivi.

Jioni ile nilikwenda kutafuta msaada katika kabati la vitabu la parokia. Kiingereza changu nilikianza utotoni, tulipokuwa Tanzania, nikakiendeleza kidogo seminarini, ambako Kifaransa na Kilatini vilikuwa wafalme na Kiingereza mtumwa. Nilipata kitabu kimoja kilichokwisha kupoteza jalada lake, nacho kilikuwa na hadithi za Wamarekani wa zamani. Nilianza kuisoma ya kwanza kwa kazi tu. Nilipofika katikati niliwasha taa, maana giza lilikuwa limeingia nami sikuona.

Hadithi hiyo ni ya Washington Irving, aliyezaliwa New York mwaka 1783, nayo ilitoka mwaka 1819. Yahusu mtu mmoja jina lake Rip Van Winkle, mkaaji wa kijiji kilicho chini ya milima ya Catskill, karibu na mto Hudson. Ni mtu mwema, apendwaye na watoto na mbwa, lakini mvivu wa shamba lake mwenyewe, naye mke wake hampi nafasi ya kupumua. Siku moja anachukua bunduki yake, anapanda mlimani pamoja na mbwa wake ili apate amani kidogo. Huko anakutana na watu wa ajabu wenye mavazi ya kale, wanacheza mchezo wa kuviringisha mipira, na kila mpira unapobingirika mlima unanguruma kama radi. Anawamiminia kinywaji chao, naye anaonja. Anaonja tena, kisha tena. Usingizi unamchukua.

Anapoamka anadhani amelala usiku mmoja. Bunduki iliyo kando yake imeliwa na kutu, mbwa hayupo, na ndevu zake zimefika kifuani. Anateremka kijijini. Watu hawajui, wala wao hawamjui. Nyumba yake imeanguka paa, na mbwa mmoja aliyekonda, anayefanana na wake, anamwonyesha meno. Mahali pa kilabu ambapo wazee walikuwa wakikaa chini ya mti pamejengwa hoteli. Hata picha ya Mfalme George iliyokuwa mlangoni imegeuka: koti jekundu limekuwa la buluu, fimbo ya kifalme imekuwa upanga, na chini yake limeandikwa jina la Jenerali Washington. Lakini Rip anaitambua sura. Ni ile ile ya mfalme. Fundi wa rangi alibadili mavazi tu. (Niliposimulia jambo hili kwa wazee wa hapa, walicheka muda mrefu, na mmoja wao akalazimika kufuta machozi. Sitasema walikuwa wakimfikiria nani.)

Kumbe maskini yule alikuwa amelala miaka ishirini, na katika miaka hiyo nchi yake ilikuwa imepigana vita, ikajitoa chini ya Uingereza, ikawa jamhuri. Alifika kijijini siku ya uchaguzi. Wakamwuliza ni mtu wa chama gani. Akajibu kwa moyo mweupe kwamba yeye ni mtu wa Mfalme, Mungu ambariki. Loo! Umati ukamrukia kwa makelele, na miongoni mwa majina waliyomtupia lilikuwamo neno mkimbizi.

Hapo ndipo nilipokiweka kitabu chini.

Mimi nilikuwa na umri wa miaka mitano vita vilipofika kwetu mwaka 1996. Nakumbuka mambo machache: kelele pwani, maji baridi miguuni, mkono wa mama ulioshika mkono wangu kwa nguvu mpaka ukauma. Tulivuka Tanganyika usiku katika mtumbwi uliojaa kupita kiasi, tukafika Kigoma, na kutoka huko tukapelekwa kambi ya Nyarugusu, iliyokuwa ndiyo kwanza inafunguliwa. Nyanya yangu, mama yake mama, alikuwa pamoja nasi. Tulikaa miaka kumi.

Katika miaka ile kumi nililelewa kwa maneno ya wazee. Jioni walikaa wakaisimulia Baraka: upepo wa rasi ya Ubwari, ndagala waliong'aa kama fedha juu ya mchanga, mwembe mkubwa uliokuwa mbele ya nyumba yetu, ambao kivuli chake kilitosha watu wa harusi mbili. Hata mvua ya Baraka ilikuwa mvua iliyo njema zaidi. Nami nikajifunza maneno hayo, nikawasimulia watoto waliozaliwa kambini, nikizidisha hapa na pale. Mwembe ule nilifanya uwe wa harusi nne. Nilikuwa mwandishi wa uromantiki bila kujua, nikihubiri mahali nisipopakumbuka.

Sikujua kwamba nilikuwa na mwenzangu mkubwa. Irving alipoandika juu ya milima ya Catskill alikuwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1818, mwaka ule biashara ya jamaa yake ilipofilisika. Naye baadaye alikiri kwamba wakati huo alikuwa hajawahi kufika katika milima ile. Kiini cha hadithi alikitoa katika ngano ya Wajerumani juu ya mchunga mbuzi aitwaye Peter Klaus, akakivika nguo za kwao. Alikuwa mtu wa mbali, mwenye madeni, akijitengenezea nyumbani kwa wino. Alikaa Ulaya miaka 17, akarudi Marekani mwaka 1832.

Sisi tulirudi mwaka 2006. Meli ilitutoa Kigoma, ikatushusha Baraka, nami nikiwa kijana wa miaka 15 nilisimama mbele kabisa nipate kuwa wa kwanza kuuona mwembe. Mwembe haukuwapo. Palikuwa na kisiki, na juu ya uwanja wetu nyumba ya watu wengine, ambao nao walikuwa wamekimbia kutoka milimani wakati tulipokuwa ng'ambo. Hawakuwa wezi. Walikuwa watu waliopata mahali patupu. Shauri hilo liliamuliwa na wazee kwa miezi saba, na sitaki kulirefusha hapa. Lakini naweza kusema kwamba mtoto wao mdogo alinitazama mlangoni kama yule mbwa aliyemtazama Rip.

Tena ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Mwezi wa Julai nchi nzima ilipiga kura, na picha za wagombea zilikuwa zimebandikwa kila ukuta. Watu walituuliza tuko upande wa nani. Wengi wetu hatukuwa na kadi ya kura. Tuliondoka katika Zaire ya Mobutu, tukarudi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katikati ya hayo alikuwa ametawala Laurent-Désiré Kabila, ambaye miaka mingi alikuwa na ngome yake katika milima hii hii ya Fizi, naye akauawa mwezi wa Januari 2001; sasa alikuwa akitawala mwanawe. Habari hizo tulizisikia kwa redio, sawa. Lakini kusikia si kuona, na nyanya hakuiamini redio hata kidogo.

Nyanya alikuwa ameshona noti ndani ya mto wake wa kulalia. Hazikuwa nyingi. Siku ya pili baada ya kufika alifumua ushonaji, akanishika mkono, tukaenda sokoni kununua chumvi. Alimpa mwenye duka noti mbili za Zaire, zenye sura ya Rais Mobutu, zilizokunjwa kwa adabu. Faranga za Kongo zilikuwa zimechukua mahali pa noti hizo tangu mwaka 1998. Mwenye duka alikuwa mtu mzima, hakucheka. Alizinyosha juu ya meza kwa vidole viwili, akazitazama. Mtoto wake, wa miaka minane hivi, akaja akachungulia, akauliza: "Nyanya, mzee huyu ni nani?"

Nyanya alimwangalia mtoto yule. Kwa miaka zaidi ya thelathini uso ule ulikuwa umetundikwa katika kila ofisi, na jina lile limeimbwa katika kila shule, na leo mtoto anauliza ni nani. Hakujibu. Mwenye duka akafunga chumvi katika karatasi, akampa, akamrudishia na noti zake, akisema, "Chukua, mama, utalipa siku nyingine." Njiani nyanya aliniambia neno moja tu: kwamba chumvi imekuwa nyeupe kuliko zamani.

Wakristo wanaosoma maisha ya watakatifu watakumbuka Vijana Saba wa Efeso, walioingia pangoni wakati wa Kaisari Desio kwa kukimbia dhuluma, wakalala, wakaamka wakati wa Kaisari Theodosio, utawala umekuwa wa Kikristo. Mmoja wao alitumwa mjini kununua mkate, naye alijulikana kwa sababu ya sarafu yake, iliyokuwa na sura ya mfalme aliyekufa zamani. Ndugu zetu Waislamu wa Baraka nao wanayo habari hiyo katika Kurani, katika sura ya Pangoni. Niliposimulia Rip Van Winkle darasani, kijana mmoja Mwislamu aliinua mkono akanisimulia ile ya kwao, na kwa dakika chache mimi ndimi niliyekuwa mwanafunzi. Basi Irving hakuvumbua usingizi. Alichovumbua ni kumfanya mtu huyo awe wa kuchekesha, tena asiye na utakatifu wowote, mwenye suruali iliyopasuka. Na labda ndiyo sababu tunamhurumia upesi.

Nilipofika kwenye lile neno mkimbizi hawakucheka. Karibu nusu ya darasa walizaliwa na wazazi waliokaa Nyarugusu au Lugufu. Yule msichana wa swali alitazama dirishani. Nikamwambia, "Labda ndicho walichokuwa wakililia: mahali wanapopajua kwa moyo, nawe ukifika hupakuti." Akasema, "Basi wangesema hivyo tangu mwanzo, Mwalimu, wasituzungushe kwa mwezi na majani."

Lakini sipendi mdhani kwamba nawasifu waandishi hawa katika yote. William Cullen Bryant aliandika juu ya msitu kama hekalu la Mungu, na maneno yake ni mazuri. Ila nyanya yangu aliujua msitu kwa njia nyingine. Mwaka 1964, wakati wa uasi, alikimbilia milimani akiwa na mimba ya mama. Ni mwaka ule ule, tarehe 28 Novemba, walipouawa hapa Baraka Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin, na kule Fizi Padri Giovanni Didonè pamoja na Padri Albert Joubert, wanne ambao Kanisa liliwatangaza wenye heri huko Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Nyanya alikaa msituni miezi mingi. Alisema msitu ulimpa mizizi na ukamnyima chumvi, na kwamba usiku hakusali kwa uzuri wa miti bali kwa hofu ya sauti zilizotoka ndani yake. Tangu hapo chumvi ilikuwa kitu kikubwa kwake.

James Fenimore Cooper naye ana kosa lililo zito zaidi. Kitabu chake cha mwaka 1826, juu ya Mmohikani wa mwisho, kiliwaliza wasomaji wa Ulaya na Amerika kwa kifo cha kabila zima. Machozi hayo yalikuwa rahisi, maana aliyekwisha kufa hadai shamba lake. Kwa kweli Wamohikani hawakwisha. Walisukumwa kutoka Massachusetts mpaka New York, na kutoka New York mpaka Wisconsin, nao wako huko hata leo, na Wamunsee pamoja nao, wana ardhi yao na baraza lao. Mtu akikulilia kabla hujafa, jihadhari naye. Wasafiri waliokuja kwetu walikuwa na kalamu ya namna hiyo: Burton na Speke walipita katika maji haya mwaka 1858, na ghuba ya Baraka imeandikwa katika ramani kwa jina la Burton, kana kwamba kabla yake haikuwa na wavuvi wa kuiita.

Henry David Thoreau ndiye aliyewafurahisha wanafunzi bila kutaka. Mwaka 1845 alijenga kibanda kando ya kiziwa cha Walden, akakaa peke yake miaka miwili na miezi miwili, ili ajifunze maisha. Alikipima kina chake kwa kamba, akapata kama mita 31. Wanangu, ambao baba zao huvua juu ya mita 1,470 za maji, waliona kwamba huyo hakuwa ziwani, alikuwa kisimani. Waliposikia kwamba mara nyingi alikwenda kula nyumbani kwa mama yake, heshima ikaisha kabisa. Nilimtetea kidogo, maana mtu huyo alikubali kulala gerezani kuliko kulipa kodi kwa serikali iliyokubali utumwa. Lakini kicheko kikishaanza hakisikii hoja.

Hadithi niliyoshindwa kuimaliza darasani ni nyingine. Ni utenzi mrefu wa Henry Wadsworth Longfellow uitwao Evangeline, uliotoka mwaka 1847. Jambo lenyewe ni la kweli. Katika Acadia, nchi ambayo sasa ni sehemu ya Kanada, walikaa wakulima Wakatoliki wasemao Kifaransa. Mwezi wa Septemba 1755 askari wa Uingereza waliwaita wanaume wa Grand-Pré kanisani, wakafunga milango, wakawaambia kwamba mashamba na mifugo yao si yao tena. Kisha maelfu ya watu wakapakiwa merikebuni, wakatawanywa huku na huku, na katika ghasia za pwani jamaa wakapoteana. Longfellow, ambaye naye hakupata kufika huko, anasimulia juu ya msichana aliyetenganishwa na mchumba wake pale pwani. Anamtafuta miaka na miaka, mto hata mto, misioni hata misioni. Mara moja mashua zao zinapishana mchana, nao hawajui.

Nilifika pale pwani nikafunga kitabu. Niliwaambia wanafunzi kwamba kengele iko karibu, jambo ambalo halikuwa kweli.

Usiku ule wa mwaka 1996 baba alitupakia mtumbwini, akarudi juu kumchukua ndugu yake mgonjwa, akisema atakuja kwa mtumbwi wa pili. Mama alimwuliza kila mtu aliyefika Kigoma. Katika kambi alikwenda kila mara kusoma majina ya watu waliotafutwa, ingawa kusoma kwake kulikuwa kwa shida. Mimi ndimi niliyemsomea nilipojua herufi, na hivyo ndivyo nilivyojifunza kusoma upesi kuliko wenzangu. Tuliporudi aliuliza Baraka, Mboko, Fizi, na vijiji vya mlimani. Mtu mmoja alisema alimwona. Mwingine alisema si yeye.

Jioni baada ya somo lile nilimkuta mama uani, anachambua ndagala kwenye ungo. Nikamsimulia kwa Kibembe habari za msichana yule wa Acadia, tangu kanisa lililofungwa mpaka mwisho. Aliendelea na kazi yake. Kisha akauliza:

"Na alimpata?"

"Alimpata, mama. Alikuwa mzee sasa, amekuwa mtawa, anauguza maskini katika mji wa Philadelphia wakati wa tauni. Alimkuta kitandani, anakufa."

"Walimzika wapi?"

"Katika makaburi madogo ya Wakatoliki, humo mjini. Naye akazikwa kando yake."

Mama alitoa kijiwe katika ndagala, akakitupa mbali.

"Basi huyo alilijua kaburi," akasema, akaniomba nimsogezee taa.